Afande, Kwa Nini Mashine Yako Inakopi kwa Kijiko?

Afande,

Naanza na ugomvi. Salamu utazikuta mbele, kama nikitulia. Kompyuta yako imenitesa siku tatu mfululizo, na kama ungekuwa hai ningekufuata nyumbani kwako, nikakukuta unasikiliza redio yako, nikaizima, nikakuuliza mbele ya mkeo: ulifanya nini kwenye mashine hii?

Ni mwezi wa nne tangu tulipokuzika kwenu kaskazini. Nilikuwa nimepanga kwamba siku nitakayokuandikia nitakuandikia vizuri, kwa heshima, barua ya mwanafunzi kwa mwalimu wake. Nilishatafuta hata maneno. Yote nimeyasahau. Nimebaki na hasira, na kwa kuwa hasira yenyewe ni yako, ichukue.

Mama Ombeni anasafiri. Unamkumbuka, yule wa kwaya, wa kwetu Bukavu, tuliyempigia video ya arusi yake miaka tisa iliyopita. Najua unamkumbuka, usijifanye. Majina yao yametoka kwenye orodha ya wakimbizi, familia nzima inahamishiwa ng'ambo, ndege ni Ijumaa. Jumatatu asubuhi alikuja kwenye duka lako la picha na diski mpya ya nje mkononi, ameifunga kwenye leso kama yai. Akasema: "Furaha, tunaenda na haturudi. Nipe yote yetu mulipigaka. Arusi haiko, najua. Lakini baba yangu iko anasema mule, siku ya mahari. Ile sauti tu ndiyo nabakia nayo."

Baba yake alikufa mwaka uliofuata arusi, na watu wale hawakuwa na simu za kurekodi. Kwa hiyo sauti ya mzee yule duniani iko mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta yako, juu ya kile kigoda ulichoiwekea ili mvua ikiingia chumbani isiikute. Ni siku nzima ya mahari, kamera haikuzimwa tangu asubuhi. Juu yake kuna ubatizo wa watoto watatu, matanga, sherehe za kwaya, na picha elfu na elfu. Nikamwambia aje Jumanne jioni. Nilimwambia kwa kujiamini kabisa, nikiwa nimekaa kwenye kiti chako.

Nikachomeka diski, nikaburuta folda, nikaenda kuosha vikombe. Kurudi, mashine inaniambia zimebaki saa nne. Sawa. Nikafagia. Zimebaki saa tisa. Nikaketi nikaitazama, ikasema saa kumi na tisa. Afande, ni kazi gani hiyo ambayo kadiri unavyoifanya ndivyo inavyozidi kuwa mbali? Mchana ikafika saa thelathini na moja. Ilikuwa kama mtu anayehamisha gunia la mchele kwa kijiko cha chai, tena anahesabu punje.

Na huwezi kuiacha ikopi usiku. Mwenye nyumba sasa anazima umeme wa jengo zima saa kumi na mbili jioni, haya ni mambo mapya, hukuyakuta. Anasema wapangaji wanapika maandazi kwa umeme wake. Mimi sijapika andazi hata moja, lakini nazimiwa pamoja na wenzangu. Kwa hiyo Jumatatu jioni kazi ilikatwa njiani, na Jumanne asubuhi nikaanza upya. Jumanne saa sita umeme wenyewe ukakatika mtaa wote wa Makindye. Nikaanza upya tena. Mama Ombeni alipokuja jioni nilimwambia keshokutwa. Aliitazama ile diski, akaitazama kompyuta, akaondoka.

Sasa usifikiri nilikaa nikilia. Ulinifundisha kutafuta kosa kama askari anayetafuta waya uliokatika, kuanzia mwisho mmoja mpaka mwingine, bila kuruka. Nilifanya hivyo hivyo, nikikutukana kila hatua.

Nilianza na waya. Nikateremka sokoni Nakivubo, katikati ya Kampala, nikanunua waya mpya. Yule muuzaji akaniapia kwa mama yake kwamba huo ndio wenyewe, si wa bandia. Nikaurudisha Makindye, nikachomeka. Kijiko kile kile. Nikahamisha kutoka tundu la mbele kwenda tundu la nyuma, lile la bluu, ambalo ulisema lina kasi. Kijiko. Nikafikiri labda ni wingi wa picha ndogo ndogo, maana mashine huchoka na vitu vidogo vingi kuliko kikubwa kimoja, nikazifunga zote kuwa furushi moja kama ulivyonionyesha. Ikasogea kidogo, nikashangilia, halafu ikafika kwenye video ya mahari na kulala tena.

Nikasema basi diski ya ndani imezeeka, inashindwa kusoma. Nikajaribu kukopi video ile ile ndani kwa ndani, kutoka folda moja hadi nyingine. Afande, iliruka! Kabla sijainua mkono, imekwisha. Kwa hiyo mashine ilikuwa inasoma vizuri, na kuandika ndani inaandika vizuri. Tatizo lilikuwa pale inapotoa kitu nje tu. Ndani ni mkarimu, nje ni bahili. Nikafuta diski ya Mama Ombeni, nikaiandaa upya kama ilivyotoka dukani, nikaomba Mungu. Wapi.

Jumatano asubuhi nilifanya jambo ambalo ungelichukia. Niliifunga kompyuta yako kwa shuka, nikaibeba mpaka Ntinda, upande wa pili wa mji, kwa mafundi wa kompyuta wa lile duka lenye kuta za vioo. Saa mbili nzima tumekwama kwenye foleni, mashine iko mapajani, magoti yamekufa ganzi. Fundi akaichomeka diski ya Mama Ombeni kwenye kompyuta yake ndogo, akakopi sinema nzima kabla sijamaliza kujieleza. Akanirudishia, akaniita bibi kwa Kiganda chao: "Nyabo, hii disiki haina tabu. Tabu ni hii kompyuta. Imekuwa muzee. Tupa." Nikamwomba basi aitoe diski ya ndani akopi moja kwa moja kwake. Akakubali, lakini wiki ijayo, kuna watu kumi na wawili mbele yangu. Wiki ijayo! Nikaibeba tena mashine yako, nikarudi nayo Makindye, na njiani nilikuwa nakusema kwa sauti, mpaka mama mmoja kando yangu akaniuliza kama naumwa.

Kwa sababu neno lile, kwamba imezeeka, ni lako. Miaka yote hiyo nilikuwa nakulalamikia. Mteja anataka picha kumi kwenye flashi, anakaa nusu saa. Watu walikuja kwetu wakijua watapewa chai, na walipewa chai kwa sababu mashine ilikuwa haimalizi. Nikikuambia tutafute dawa, unasema: "Wacha yeye. Iko muzee kama mimi. Haraka ya nini, nani nakufukuza?" Hata hospitalini, ile wiki ya mwisho, presha imekupanda na daktari amekukataza kuongea, mimi nilisimama pale kitandani nikikulalamikia kompyuta. Nilikuambia ukipona uitupe. Ulicheka. Ukaniambia: "Hiyo mashine nzuri, Furaha. Wewe ngoja tu." Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho, Afande. Watu wengine wameachiwa baraka. Mimi nimeachiwa kuambiwa ningoje.

Nilipofika dukani jana mchana nilikuwa nimebaki na jambo moja ambalo sijalijaribu. Nilifungua kile kidirisha cheusi chako, cha kuandika amri, ambacho ulikipenda kwa kuwa kilikukumbusha mitambo ya jeshi, na nikaiuliza mashine: hii diski ya nje umeipokea kwa masharti gani? Ikanijibu kwa mstari mrefu. Nikausoma neno kwa neno, kidole kwenye kioo. Katikati kulikuwa na neno moja ambalo diski ya ndani haikuwa nalo: sync.

Ulinieleza neno hilo zamani, ukitumia vikombe. Kompyuta ya kawaida ni mjanja. Ukiiambia iandike kitu kwenye flashi, inakishika kwanza kichwani, inakuambia tayari, halafu inaandika baadaye kwa nafasi yake. Ndiyo maana inaonekana ina mbio. Lakini ukiiwekea sharti hilo, hairuhusiwi kushika kitu kichwani. Kila tonge inalopokea lazima iliandike kabisa, ihakikishe, ndipo ichukue jingine. Haidanganyi hata kidogo, na haifiki popote.

Mtu hawekewi sharti hilo kwa bahati mbaya. Lazima kuna mkono ulioliandika. Nikaanza kutafuta kwenye mafaili ya mipangilio, moja baada ya jingine, nikisema moyoni nikimpata huyo fundi nitamla nyama. Nikalipata faili. Lilikuwa na mistari miwili tu. Wa chini ulikuwa wa amri yenyewe, unaoshika kila diski na kila flashi itakayochomekwa. Wa juu ulikuwa na ile alama ya maneno ambayo mashine haisomi, ni ya watu tu. Uliandika hivi:

"Fundi yeyote: hii mustari usitoe. Furaha ana haraka, anachomoa. Na usimwambie."

Nilisoma mara ngapi sijui. Halafu nikapiga meza mpaka kikombe kikaanguka. Nani, Afande? Nani mwingine angefungua faili hilo? Wewe na mimi tu ndio tuliogusa mashine hii tangu uilete! Ulimwandikia fundi gani barua ya siri, ukaificha mahali ambapo ningeifikia mimi peke yangu, tena baada ya kubeba kompyuta mapajani mpaka Ntinda?

Tuseme sasa, kwa kuwa hatukuwahi kulisema. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mwaka wa pili kwako. Jumapili ile watu wa kanisa walitaka kuona arusi ya Mama Ombeni kwenye ukuta baada ya ibada, kama ilivyo desturi yetu, bibi harusi ameketi mbele na wazee wote. Wewe ulikuwa umekwenda kupiga matanga, na kwa ajili ya matanga hayo kadi ya kamera ilikuwa imeshafutwa. Diski ya ndani siku zile ilikuwa ndogo na imejaa, kwa hiyo arusi sikuikopi, niliihamisha: itoke kwenye kompyuta, iende kwenye flashi. Mlangoni vijana wa kwaya wanapiga makofi, Furaha lete, Furaha watu wameketi. Mashine ikaandika tayari. Taa ya flashi ilikuwa bado inawaka. Niliiona. Nikachomoa.

Ukutani hapakutokea kitu. Arusi ilikuwa imetoka huku na haijafika kule. Ulikesha nayo siku nne na zile programu zako za kufufua, na ulichofufua kilikuwa sekunde chache za watu wakila. Sikukuambia kwamba niliona taa. Nilikuambia nilingoja na flashi ndiyo iliyokuwa mbovu. Ulinitazama, ukasema sawa.

Halafu Jumapili iliyofuata ukaja kanisani kwetu, wewe ambaye hata si wa kanisa letu, umepiga pasi shati lile la mikono mirefu. Ukasimama mbele. Ukasema kwa Kiswahili chako cha kambini: "Ni mimi nimeharibu. Si mashine, si mutu mwingine. Ni mimi. Naomba musamaha." Mzee mmoja akakuambia mbele ya wote kwamba askari kazi yake ni kubomoa, kamera awaachie wenye akili. Watu wengine wakacheka. Ulibaki umesimama, mikono nyuma. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, nikiangalia viatu vyangu. Niliangalia viatu vyangu mpaka ukaketi.

Na usifikiri nilikuwa mwepesi wa kusahau. Nimeishi nalo. Nilijiambia hukujua, ulisema vile kwa sababu duka ni lako na bosi hubeba lawama. Nilijifariji hivyo miaka tisa. Jana nikaona kwa mkono wako mwenyewe kwamba ulijua. Ulijua siku ile ile. Hukunikaripia, hukunifukuza, hukuninyang'anya funguo. Ulikwenda ukaibana kompyuta nzima, ukaifanya kichekesho cha Makindye, ukanywesha watu chai miaka tisa, ili hata nikichomoa kwa haraka zangu asipoteze mtu arusi yake. Nilikulilia jana, Afande, na nilikuwa nimekasirika sana huku nalia. Kwa nini hukusema? Neno moja tu. Ningelia, ningekuomba msamaha, ungeniambia acha ujinga, tungeendelea. Sasa nimuombe nani?

Basi. Nikaweka alama mbele ya ule mstari wako wa chini, usifanye kazi. Nikaitoa diski, nikaichomeka upya, nikaburuta folda. Ilichukua saa moja na robo. Yote, tangu mahari hadi mtoto wa tatu. Mashine ikaandika tayari. Sikugusa. Nikaandika ile amri ya kuilazimisha imalize kila inachokishika kichwani, nikaweka mikono chini ya mapaja, nikaikalia. Taa ya diski iliendelea kuwaka muda mrefu, Afande. Vitu vingi bado vilikuwa havijafika, na mashine ilikuwa imeshasema tayari. Ilipozimika nikaiaga diski vizuri, nikaitoa, nikaichomeka tena nihakikishe. Nikamsikiliza baba yake Mama Ombeni akihesabu ng'ombe kwa sauti ile ya kwetu, na watu wakimcheka, na yeye akiwaambia wanyamaze anahesabu.

Leo asubuhi ni Alhamisi. Mama Ombeni alikuja na kitambaa chake cha safari kichwani. Nikamwekea sauti ya baba yake. Alisimama nayo mpaka ng'ombe wa mwisho, mkono mdomoni. Kisha akafunga diski kwenye leso. Nikaona akitoka hivyo ni basi, hatutaonana tena. Nikamwambia aketi kwanza. Nikamwambia: "Arusi yako niliiharibu mimi. Niliona taa inawaka nikachomoa, na Afande alisema uongo kwa ajili yangu."

Hata hakushtuka. Alinitazama kama mtu anayeangalia mtoto aliyekuja kumwambia kwamba mvua inanyesha. Akasema: "Tulijuaka, Furaha. Ule muzee? Alikuwa anatungojesha mbele ya kanisa mupaka anyooshe kola ya kila mutoto, ndiyo apige picha. Yeye angechomoa nini?"

Halafu akaniambia lile ambalo hukuniambia. Kwamba Jumamosi, kabla ya kwenda kusimama mbele ya watu, ulikwenda kwao. Uliketi na mumewe na baba yake. Ukawaambia huyu binti hana ndugu Kampala hata mmoja, akitajwa kanisani atakimbia, na akikimbia hamtamuona tena. Ukawaomba wakuachie wewe useme. Na mzee yule yule aliyekuwa anahesabu ng'ombe akakuambia sawa, sema wewe.

Kwa hiyo wote walijua. Walinisalimia kila Jumapili miaka tisa, wakanipa watoto wao niwapige picha, na walijua. Aliyekutukana tu ndiye aliyekuwa hajaambiwa. Yeye na mimi.

Sasa salamu. Mkeo hajambo, alipiga simu juzi, anasema mtama umekubali. Kibao cha duka bado kina jina lako na sitalibadilisha. Mstari wako nimeufuta kabisa leo mchana, nisamehe, wateja wanalalamika kwamba chai imekwisha ghafla. Maneno ya juu yake nimeyaacha. Mashine haiyasomi, hayanichelewishi.

Lala salama, Afande. Na huko uliko, kama kuna mitambo, usiguse mipangilio ya mtu bila kumwambia, maana wewe sasa nakujua.

Mama Ombeni atakuwa ameshafika kwao kupya, lakini mzee aliyekutukana bado yuko, huketi benchi la pili upande wa dirisha. Jumapili hii nitakwenda mbele, mahali pale pale. Najua wengi wameshajua. Nitasema jina langu hata hivyo, na nitasema niliona taa, na nitamtazama yeye, si viatu.

Wako,
Furaha